Nataka Kumzungusha Mke Wangu Kisiwa Chake

Mpendwa Bi Mshauri,

Pokea salamu nyingi kutoka Tabora, na kama umenizidi umri basi shikamoo, maana kwa unavyotukaripia humu gazetini nadhani umenizidi. Naomba msaada wako katika jambo la safari, na naomba univumilie kwa mwandiko, kwa sababu nina miaka hamsini na sita na kalamu nimeishika mwaka juzi tu kwenye kisomo cha watu wazima, kabla ya hapo nilijua penseli ya seremala peke yake.

Mimi ni fundi wa milango na vitanda, nakaa Ng'ambo hapa mjini, na siku hizi natengeneza madawati ya shule za vijiji vya ujamaa. Mke wangu, nimwite Kuluthumu, ni mtu wa Unguja, kijiji cha Makunduchi, aliletwa Tabora akiwa msichana wa miaka kumi na saba na mjomba wake aliyekuwa na duka la nguo, aje kumsaidia mkewe aliyejifungua, na mimi niliitwa kurekebisha mlango wa duka hilo, kazi ya siku moja ikanichukua siku tisa, na yule mjomba hakuwa mjinga, akaniuliza, "Fundi, unatengeneza mlango au unatafuta mke?" Tukaoana mwaka 1943.

Tukiwa bado kwenye fungate nilimwuliza habari za kwao, akacheka, akasema, "Hata mimi kwetu sikujui. Najua Makunduchi na njia ya kwenda Mjini basi. Nungwi nasikia, Chwaka nasikia, msichana hatembei ovyo." Nikamwambia nitakuzungusha kisiwa chako chote, kutoka ulipoanzia mpaka urudi palepale, na akaniamini, Bi Mshauri, alichukua kidole akachora mviringo kwenye mkeka akanionyesha tutapita wapi.

Mke wangu alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliicheka mpaka wakaizoea. Hapa petu hata mto wa maana hatuna, lakini akiuona mwezi mchanga au mwezi mpevu alisema, kesho bamvua, maji yatakupwa mbali, mama atakwenda pwani kufukua makumbi yake. Makumbi ni maganda ya nazi ambayo wanawake wa huko hufukia kwenye tope la bahari yaoze, wayapige, wasokote kamba, na kila mwanamke ana shimo lake, hata akifumba macho analijua. Basi mimi ambaye bahari sijaiona nikawa najua siku za maji kujaa na siku za maji kupwa, na wakati mwingine nikiwa napiga randa nilikuwa namwuliza, leo vipi huko, naye ananijibu kama mtu aliyetoka kuchungulia dirishani.

Kila mwaka nilisema mwakani. Mwaka wa ukame nikasema mwakani, mwaka wa Uhuru nikasema mwakani mambo yakitulia, na miaka ikaenda.

Sasa nimeamua kweli, na nimepanga kwa ramani ya ukutani ya darasa letu la kisomo. Siku ya kwanza tutakuwa Mjini, ya pili Bububu na Mahonda, ya tatu Mkokotoni, ya nne Nungwi, ya tano Kiwengwa, ya sita Chwaka na kurudi Mjini, na ya saba tunapanda meli ya Pemba. Kusini nimekuacha, nimeambiwa barabara yake ni mbaya. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akasimama ukingoni, akaitazama bahari, akageuka, na katika ukoo wetu hakuna aliyevuka, kwa hiyo hesabu yangu ni ya babu, kutoka kambi hadi kambi ni asubuhi moja ya kutembea. Nimekwisha tengeneza sanduku la mninga lenye mishikio ya watu wawili, na nimeweka tayari madebe mawili ya maji, pishi nane za unga wa mtama, na chumvi. Je, vinatosha? Na wachukuzi hupatikana bandarini?

Ningeweza kuishia hapa. Nilikwisha andika jina langu chini na kubandika bahasha, kisha nikaifungua tena.

Mwaka 1966 ilikuja barua kwa anwani ya ghala ninakonunua mbao, imeandikwa kwa herufi ambazo mimi wakati huo sizijui na mke wangu hazijui, akanisomea karani wa pale aitwaye Sylvester. Ilitoka kwa shemeji yangu Vuai, inasema mama hajiwezi, yuko kitandani, kila akizinduka anamtaja Kuluthumu, tafadhali mlete hata kwa siku tatu. Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza barua ya nani, nikamwambia ni bei mpya ya mbao. Bi Mshauri, sikumchukia mama mkwe wangu. Sisi hatukujaliwa mtoto, na wazee wa hapa walikuwa wakinitania kwamba mke wa pwani akiuona tena mnazi harudi, nikajiuliza Tabora kuna nini cha kumrudisha, mimi na randa yangu? Nikasema nisubiri, mama atapona. Mwezi wa tatu baada ya hapo ikaja barua ya pili, na hiyo ilikuwa ya msiba. Nilimwambia mama amefariki, nyumba ikajaa watu, tukasoma hitima, na mke wangu akawa anawaambia wanawake waliokuja kumpa pole, "Mama yangu amekufa ghafla, laiti ningesikia anaumwa ningekwenda hata kwa magoti." Mimi niko barazani na wanaume, nasikia kila neno. Tangu siku ile hajataja bamvua. Mwezi unapita juu ya paa letu naye anaosha vyombo.

Sasa kisomo kimetuingiza wote wawili, na yeye amenipita, anasoma pakiti za majani ya chai, anasoma gazeti, anakusoma wewe. Juzi aliniambia, "Fundi, nimechoka kusoma habari za pamba. Nataka kusoma barua ya mtu. Ile barua ya msiba wa mama ipo? Nipe niisome mwenyewe." Nikamjibu nitaitafuta. Ninayo, Bi Mshauri, zote mbili ninazo, sikuthubutu kuzichoma. Lakini hiyo ya msiba maneno yake ya kwanza ni haya: tulikuletea barua ya kwanza ya kumwita, hatukupata jibu.

Ndiyo maana nataka safari iwe upesi, akione kisiwa chake, moyo wake ufunguke kama zamani, na habari ya barua aisahau. Nataka kumsikia tena akisema kesho bamvua. Nifanyeje? Na je, mwezi wa Aprili unafaa?

Mimi Fundi wa Mbao,
Ng'ambo, Tabora

*

Fundi,

Shikamoo yako siipokei, sijakuzidi umri, ukali nilizaliwa nao. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza. Gazetini litatoka baada ya majuma matatu na majina nimeyabadilisha, lakini mkeo hatahitaji jina kukutambua, kwa hiyo usikae ukihesabu siku.

Nianze na ulichouliza, kwa sababu nilifundisha shule Unguja miaka saba na njia zake nazijua. Aprili haufai hata kidogo. Hiyo ni masika, mtakaa chini ya upenu wa watu mkitazama mvua. Nendeni Julai, kuna ubaridi na ardhi imekauka, ila upepo wa kusi unavuma na mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja unachafuka, basi wewe mtu wa bara chukua malimau mfukoni, unywe chai kavu asubuhi, ukae katikati ya meli na uache ushujaa. Mkishuka kwenye treni Dar es Salaam, kabla ya kwenda bandarini ulizeni uhamiaji mnatakiwa kuwa na karatasi gani za kuvukia, maana watu hurudishwa ngazini wakiwa na mizigo kichwani.

Madebe ya maji yaache. Unga uache. Chumvi, Fundi? Unapeleka chumvi baharini? Unguja si njia ya Ugogo, huwezi kutembea nusu saa bila kukuta kisima na mtu wa kukukaribisha. Magari ya shamba huondoka Darajani, sokoni pale Mjini, alfajiri, yana mabenchi ya mbao ambayo wewe fundi utayaonea aibu, na kwa siku moja yatakufikisha mwisho wowote wa kisiwa na kukurudisha. Sanduku la mninga la kubebwa na watu wawili lipeleke kwa anayeoa. Chukueni mikoba miwili na madebe madogo ya asali ya Tabora, yaliyozibwa vizuri, kila nyumba mtakayolala muache moja. Vijijini msiulizie nyumba ya wageni, hakuna, mgeni hulala kwa watu. Pemba mtakuta karafuu zimeanikwa njiani, msiokote hata punje ya kutafuna, ni mali ya serikali na hawana mzaha nayo. Na huko mashariki maji yakipwa usiyafuate mbali bila mwenyeji, yanarudi kwa miguu ya haraka kuliko yako. Lakini hilo mkeo anakushinda, mwulize yeye.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Nilichukua penseli nikaifuata safari yako juu ya ramani. Umeanza Mjini, umepanda kaskazini, umeteremka mashariki vizuri mpaka Chwaka, halafu ulipobakiza kusini tu ukageuka ukarudi Mjini kama mtu aliyeona nyoka njiani. Barabara ya kusini si mbaya. Nimeipita mara nyingi mpaka Makunduchi, inakata msitu wa Jozani na kivuli chake kinapendeza. Aliyekuambia ni mbaya ni nani, kama si wewe mwenyewe? Umempangia mwanamke kuzunguka kisiwa kizima ili tu asifike kwao.

Nakuhurumia, na hilo silisemi kwa adabu tu. Nilipofika pale unapoacha randa kumwuliza habari za maji niliiweka barua yako mezani kwanza. Unampenda. Lakini ulimpenda mpaka ukamnyima mama yake, na ukaketi barazani ukaitikia dua ya hitima. Wazee wakakuambia mke wa pwani akiuona mnazi harudi, nawe ukawaamini wao. Je, yeye ulimwuliza? Amekaa na wewe miaka ishirini na tisa bila mtoto, bila bahari, bila ndugu wa tumbo moja. Ulidhani amefungwa na kamba gani? Alikuwa anakaa kwa hiari yake, Fundi, na wewe ukamfungia mlango ambao hakuwa na nia ya kutokea.

Kwamba atasahau, ondoa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika ukutani. Mtu anayetaka kusoma barua ya msiba wa mama yake hapelekwi Nungwi kutazama mitumbwi akanyamaza.

Fanya hivi. Chagua mchana, kazi zake zimekwisha, dirisha liko wazi apate mwanga. Mpe barua zote mbili, ya kwanza iwe juu. Usimsomee. Usikae kando ukimsaidia neno kabla hajakuomba, hata kidole chake kikisimama muda mrefu, kiache kisimame. Akimaliza, mwambie hivi tu: nilikuficha kwa sababu niliogopa hutarudi. Usiongeze hadithi ya bei ya mbao, usimtaje karani, usiwataje wazee, usianze kulia wewe ili akubembeleze. Huenda akapiga kelele, huenda akahamia kwa jirani, huenda akakaa juma zima hasemi nawe. Pika mwenyewe, ule, unyamaze.

Siku atakayokuwa tayari kuzungumza, mpe penseli na ramani apange yeye. Akikutaka muende pamoja, siku ya kwanza ni Makunduchi, kisiwa kitazungukwa baadaye. Nenda kwa shemeji yako Vuai, msalimie, umwambie ulichofanya kwa mdomo wako kabla dada yake hajalazimika kumweleza. Mkifika Julai mtakuta Mwaka Kogwa, siku ambayo wanaume wa huko hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe. Shemeji akikuchagua wewe, simama upigwe, na usilalamike. Kisha mwache mkeo aende kaburini na wewe kaa mbali mpaka akuite.

Lakini jiandae na jibu jingine, kwamba anataka kwenda peke yake. Akisema hivyo usibishe, usimtume mtu amfuate, usimwulize siku ya kurudi. Mpeleke stesheni, mbebee mzigo mpaka ndani ya behewa, mtafutie nafasi ya dirishani, ushuke. Tiketi mkatie ya kwenda tu. Ya kurudi aikate mwenyewe.