Maneno Yangu ya Jikoni Yametiwa Fremu

Mshauri mpendwa, kila wiki nakusoma nikicheka matatizo ya wengine na sasa zamu yangu imefika, nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi. Mimi ni mshonaji hapa Nengo, mume wangu Jado ni mchoraji, na michoro yake ukiiona kwa mbali ni mapambo tu, mistari ya pembepembe kama ya kikapu cha agaseke, lakini ukisogea unakuta kila mstari ni mwandiko wake mdogo mdogo wa wino mweusi, na anachoandika ni yale ninayosema mimi jikoni huku yeye amekaa mezani kimya nikidhani hanisikii. Mchoro mmoja uko kwenye hoteli ya kando ya ziwa, na jirani yangu Ritah aliusoma huku amepinda shingo akaja kuniambia, "Laurence, ile picha iko na sauti yako." Huo niliuvumilia, kwa kuwa nilikuwa namsema Jado mwenyewe na viatu vyake.

Sasa Igihozo, binti wa marehemu dada yangu ambaye nimemlea tangu hajaota meno, anatolewa mahari Jumamosi na familia moja ya kijiji cha Kanzenze, na Jado amemchorea zawadi ya kutundika sebuleni kwake, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, nakubali, ila nilipoisogelea nikajikuta humo: "Hawa watu ya Kanzenze watatuletea ng'ombe moja ya kukonda, na ule kijana yao anavaa chaussettes mbili hazifanane." Na baba wa huyo kijana wa soksi ni mwalimu mstaafu, anasoma hata karatasi ya sabuni. Nilimwambia Jado afute, akasema wino haufutiki, kisha akaniambia, "Mi naandika kile nasikia. Bila sauti yako, ile mistari inabaki nappe ya meza, kitambaa tu." Ameshaitangaza mbele ya wajomba, tena kwa furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi, nikiificha nitamvunja moyo, nikiiacha iende Igihozo ataingia kwa wakwe na matusi yangu ukutani, na nimefika mahali natamani kuimwagia chai kwa bahati mbaya. Kusema kweli sijui hata niliyasema kwa nini, kijana mwenyewe ana adabu, ila tangu waje kubisha hodi silali vizuri na hakuna kitu chao kinachonipendeza. Nifanyeje?

Laurence, Nengo

Laurence dada yangu, chai iache kwenye chupa. Bahati mbaya ikishatangazwa gazetini si bahati mbaya tena. Pole, maana si kila mke anakuta kelele zake zimetiwa fremu. Lakini wino ni wa Jado, ulimi ni wako. Wenzako wananiandikia kwamba waume zao hawasikii hata wakiitwa kula, wewe wako anasikia mpaka soksi, na bado unalalamika.

Jado naye asijifiche nyuma ya kalamu. Maneno ya jikoni ni ya nyumba, na kabla hajayatoa mlangoni amwombe ruhusa aliyeyasema. Tena muulize mbona kwenye karatasi zake unafoka peke yako. Majibu yake kayaweka wapi? Muulize leo, kabla hajala.

Mchoro huo usiende Kanzenze. Utundikeni chumbani kwenu mcheke wenyewe, na wajomba waambieni mmeupenda mno mmeshindwa kuachana nao. Igihozo achorewe mwingine, mdogo, siku zilizobaki zinatosha.

Lakini maneno ya kuweka humo yatoke wapi? Nimeisoma barua yako mara mbili. Wewe huna ugomvi na ng'ombe wala soksi. Wangeleta ng'ombe wa kujaza uwanja wa mpira bado ungewatia kasoro, kwa sababu wanamchukua mtoto wako. Hilo hujawahi kulitamka, ndiyo maana Jado hakuliandika.

Kwa hiyo mwite Igihozo jikoni kesho, mmenye viazi pamoja, umwambie kwa mdomo wako kwamba utamkosa na kwamba unaogopa nyumba itakavyokuwa kimya. Lia ukitaka. Jado mwache palepale mezani, na mlango usiufunge.