Diski ya Mashineni kwa Fanueli

Igawa,
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kwa mdogo wangu Budeba, huko mahabusu, Mbeya.

Mwangaluka, mtoto wa mama. Mimi dada yako Ng'washi nipo, magoti yanauma lakini mdomo haujauma, kama unavyonijua. Wewe je, kifua kimeacha kukohoa? Lile blanketi nililoleta umepewa, au wamejifunika wao? Na usinijibu kwamba uko salama salmini kama ulivyomwambia mwanangu Yunisi alipokuja kukuona. Amesema umekonda mpaka shingo inazunguka ndani ya kola. Kula, mzee. Uji wa huko ni uji, si sumu.

Mkeo Kalista hajambo, anakuombea kila siku mpaka ananichosha masikio. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa jike, ana doa jeupe kwenye paji. Mvua bado. Upepo wa hapa Usangu unatulisha vumbi tangu Septemba.

Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa siku tatu, usicheke mwandiko. Shule yangu ni ngumbaro miezi minane, na mwalimu alinichoka kabla sijamchoka. Ningeweza kumpa mjukuu wangu Shadrack aichape kwa kompyuta, lakini yaliyomo humu si ya Shadrack. Najua pia kwamba askari wataifungua kabla yako. Waifungue. Wewe askari, soma polepole, usiruke mistari.

Sasa nisikilize. Wakili Severina alikuja hapa na viatu vyake vya kisigino, akakaa kwenye gunia. Amesema kesi yako inasikilizwa mwezi huu. Amesema wakulima watatu wameapa kwamba walikuona umesimama juu ya Zabron, mchi wa kutwangia mkononi, damu mpaka kwenye kiwiko. Kesi ya kuua mtu haina dhamana na mwisho wake ni kamba. Nilimuuliza kitu gani kinaweza kukutoa. Akasema ni kimoja tu: zile picha za kamera za mashineni kwa Fanueli, kama zipo, maana picha haimwogopi mtu wala haina ndugu.

Siku ile unaijua, lakini ngoja niiseme ilivyokuwa, maana kila mtu anaipika kivyake. Ng'ombe wetu waliingia katika mpunga wa Zabron, mpunga uliobakiza wiki mbili kuvunwa. Walikula tangu asubuhi. Vijana wako walikuwa wamelala, nami niliwatukana kwa hilo na nitawatukana tena. Zabron na wenzake wakawaswaga ng'ombe mpaka uwanja wa mashine ya kukoboa, wakafunga geti, wakaanza kuwakata mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga. Mmoja mmoja. Ng'ombe aliyekatwa mshipa huketi chini kama mtu, halafu anakutazama. Damu ilichanganyika na pumba za mpunga ikawa tope, tukawa tunateleza ndani yake. Ninyi mkaruka ukuta na fimbo. Nikaona meno ya mtu yakitoka yote ya mbele. Nikaona Saulo wa jirani ameshika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Mawe yakavunja dirisha la ofisi ya Fanueli, kompyuta ikaanguka, umeme ukakatika, na kimya kiliporudi Zabron alikuwa chini, kichwa kimefunguka.

Kamera zilikuwa zinaandika kila kitu kwenye ile kompyuta. Polisi waliijaribu, haikuwaka, wakaandika kwamba ni mbovu wakaondoka. Fanueli alinipa diski yake. Alisema amechoka, wafugaji wamempiga mawe na wakulima wamempiga mawe, hataki kuona hata picha ya kuku. Nikaifunga kwenye pindo la kanga nikaenda nayo Iyunga, kwenye kibanda cha Shadrack pale kandokando ya barabara kuu anapotengeneza kompyuta. Happy naye, binti wa Yunisi, akapanda basi kutoka Iringa, maana kazi yake huko ni hizohizo.

Hao wajukuu zangu wawili, Budeba, ni paka na paka. Diski ile ni ya kompyuta ya Linux, si zile za maofisini. Shadrack alisema mafaili ndani yake yamepangwa kama magunia ghalani, na ghala limetikisika, hakuna anayejua gunia lipi liko wapi. Ana chombo cha kupanga upya, jina lake herufi nne, fsck, ambalo mdomo wangu haukuweza. Anacho tangu ajifunze kazi, hajawahi kukibadilisha, anajivunia kama mtu anavyojivunia shoka la baba yake. Akakiwasha. Chombo kikakataa. Kiliandika kwamba diski hii ina mambo kisiyoyajua, atafute toleo jipya.

Happy akacheka. Ndiyo kasoro ya mtoto yule, anacheka na pua. Akasema fundi aliyemfungia Fanueli kompyuta alitumia vyombo vya miaka hii, na Shadrack amebaki na vya enzi za kaseti. Akasema kwamba yeye amekuja na vipya: kwanza diski inanakiliwa yote kwenye diski nyingine, halafu chombo kipya kinaikagua ile nakala bila kuandika chochote, halafu ndipo inatengenezwa. Kazi ya siku mbili. Shadrack akamwambia kwamba wateja wake hawangoji siku mbili, na kwamba vitu vipya vinauliza maswali mengi kama wanawake wa Iringa.

Happy akasema angalau wanawake wa Iringa wanajua kusoma kinachoandikwa mbele ya macho yao.

Shadrack akamzaba kofi. Nilisikia sauti yake kwenye meno. Happy hakulia, alichukua bisibisi mezani akaipigilia kwenye mkono wa binamu yake, hapa katikati ya kidole gumba na cha pili, ikatokea upande wa pili na kusimama kwenye mbao. Shadrack akanguruma, akamshika nywele kwa mkono uliobaki, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza. Damu ikaingia kwenye vitufe vya kuandikia. Mimi niliinuka na fimbo yangu. Niliwachapa wote, mgongoni, kichwani, popote palipokaa karibu, mpaka fimbo ikavunjika na wakabaki wanahema sakafuni kama mbwa. Nikawaambia wanapigana juu ya chombo kana kwamba ni wao watakaonyongwa.

Walipofungana vitambaa nikawauliza kama mtu asiyejua kitu. Nikasema: Shadrack, hiki cha kwako kikikataa ndiyo basi? Akasema hapana, ipo njia nyingine ya zamani ya kukilazimisha. Unachukua chombo cha kale cha kutengenezea diski, unaandika upya ukurasa wa mbele tu kwa mtindo wa zamani, diski inajifanya ni ya zamani, halafu fsck inakubali kuipanga. Happy alipiga kelele, pua bado inamwagika. Akasema: Bibi, usimwache! Ukurasa wa mbele ukisema uongo, chombo kitapanga kila kitu kwa kufuata ule uongo. Kitavunja kilichobaki na kutupa vipande kwenye shimo moja bila majina. Hutaona picha hata moja.

Nilimwelewa vizuri sana. Kumbuka hilo unaposoma mbele.

Nikasema mkubwa hapa ni mimi, na cha zamani ndicho ninachokiamini. Nikamwambia Shadrack akilazimishe chombo chake. Happy akajitupa juu ya meza kuzuia waya, nikamvuta kwa gauni likachanika mgongoni. Shadrack, mkono mmoja, akaandika maneno yake. Kisha kile chombo kikaanza kuuliza: nirekebishe hiki? Nifute hiki? Kila swali linataka herufi y, yaani ndiyo ya Kizungu. Shadrack kwa mkono wake mmoja akawa anachelewa. Herufi y naijua, ngumbaro waliniachia angalau hiyo. Nikamsogeza, nikabonyeza mwenyewe. Kikauliza tena, nikabonyeza. Kikauliza mpaka kidole kikafa ganzi, nikaendelea na kingine. Ilipokwisha, hakukuwa na picha. Kulikuwa na vipande kama makapi, hata Happy aliyevijaribu kwa vyombo vyake vyote vipya hakupata hata kivuli cha ng'ombe. Alirudi Iringa bila kuniaga.

Watu wanasema bibi kizee wa Kisukuma kaharibu diski kwa ujinga na kiburi. Shadrack anasema hivyo. Kalista anasema hivyo na ananilisha, maskini. Nimewaacha waseme.

Budeba, mimi si mjinga.

Mimi ndiye niliyempiga Zabron. Wewe uliona. Alikuwa amenipa kisogo, ameinama anamkata ndama wangu, amechoka, hata hakunisikia. Nilichukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta nikampiga. Akapiga magoti. Akaachia panga. Angeweza kubaki hapo na kupona. Nikampiga tena. Pigo la kwanza lilikuwa la ndama. La pili lilikuwa langu mwenyewe, na nililipiga kwa nguvu kuliko la kwanza. Ukaja ukaninyang'anya mchi, ukanisukuma nyuma ya magunia, ukasema nikae hapo. Nikakaa. Nimekaa hapo miezi saba.

Niliiua ile diski kwa sababu nilijua ilikuwa na pigo la pili. Ningeitupa mtoni wangeuliza iko wapi; ilipokufa mbele ya wajukuu hakuna aliyeuliza. Nilijidanganya kwamba picha ikipotea kesi inakufa, unarudi, na mimi nabaki. Severina ndiye aliyenifungua macho, alipokuja diski ikiwa imeshakufa. Aliniambia vinywa vitatu vinatosha kumnyonga mtu, na picha ndiyo ilikuwa wokovu wako. Nilikuwa nayo kwenye kanga, Budeba. Nililala nayo Iyunga chini ya shavu.

Bertha, mjane wa Zabron, hunisalimia kisimani na kunisaidia kubeba ndoo. Nimebadilisha kisima.

Alhamisi nilikwenda kituo cha polisi nikasema yote. Yule afande kijana alinipa kiti na soda. Akasema: Bibi, nenda kapumzike, kila mwezi tunaletewa bibi anayetaka kufungwa badala ya nduguye. Akauliza ushahidi uko wapi. Nikaangalia vidole vyangu.

Kwa hiyo umebaki wewe. Severina ameniambia kila wakikuuliza nani alipiga unasema hukuona, kulikuwa na vumbi. Vumbi gani, Aprili? Tope lilikuwa mpaka kwenye vifundo! Acha upumbavu. Mimi nilikubeba mgongoni ulipokuwa na tetekuwanga, sikukubeba ili ufe badala yangu. Siku ya kesi nitakaa benchi la mbele. Jaji akiuliza, usitazame chini, ninyooshee kidole useme jina langu na la baba yetu. Ukisema tena kwamba hukuona, wallahi nitapita katikati ya askari wao nikuchape hadharani, mzee mzima na mvi zako, na hapo wataacha kuniita bibi wa kupumzika, watauona huu mkono.

Nisalimie wenzako wa selo, hasa yule Dastan aliyekupa kandambili. Kalista anasema umwombe Mungu. Mimi nasema ule kwanza.

Wako wa tumbo moja, aliyekutangulia kuzaliwa na ambaye bado ni mkubwa wako,

Ng'washi