Wamemfuta Mama Yangu Kwenye Video ya Harusi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie na unisaidie upesi, kwa sababu hapa nilipo nimeshafungasha nguo na ninachosubiri ni mtu mmoja tu mwenye akili zake aniambie niondoke au nibaki, maana kila ninayemuuliza ananiambia nipunguze hasira, na hilo ndilo linaloniongezea.

Mimi nimeolewa juzi juzi tu. Napiga pasi kwenye duka la dobi, mume wangu ni fundi friji, na mama yangu ni mpishi kwenye jiko la hospitali, ametulea mimi na mdogo wangu wa kike peke yake kwa kazi hiyo hiyo ya masufuria, hakuna baba, hakuna mjomba, ni yeye tu. Mama si msemaji. Sauti yake ni ya chini na mbele za watu inazidi kushuka, kwa hiyo siku ya harusi walipomwita aseme neno nilijua ni mtihani kwake, akakataa hata kushika kipaza sauti cha ukumbini kwamba kinanguruma, ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kazi yake ni sauti na video za sherehe, akambania maiki ndogo kwenye kola ya gauni. Mimi nilikuwa nimekaa kule mbele kwenye kiti cha maharusi, nikasikia mwanzo tu, "Huyu ni kifungua mimba wangu," halafu vigelegele vikafunika kila kitu, nikamwona tu mama ananyoosha mikono kwa wakwe zangu na mama mkwe ameinamisha kichwa. Nikasema si neno, nitasikia kwenye video.

Video ikaja kwenye grupu la familia. Mshauri, kila kitu kinasikika. Nyimbo zinasikika, vigelegele vinasikika, kiti kinaburutwa unakisikia, mtoto wa mtu analia unamsikia, baba mkwe na hotuba yake ndefu ya kushukuru kamati anasikika akivuma ukumbi mzima, ila inapofika zamu ya mama yangu, midomo inacheza na sauti hakuna. Ukitega sana sikio ni kama mtu anaongea nyumba ya tatu. Watu wote kwenye ile video wana sauti, hata aliyekohoa, isipokuwa mama yangu.

Ningeweza kumeza hilo. Lakini mama aliichukua simu yake akaenda nayo jikoni kazini, akawakusanya wenzake wote waje wamwone alivyosema kwenye harusi ya mwanawe, wakaacha vijiko wakaja, na ilipofika zamu yake wakaangua kicheko, mmoja akamwambia, "Mama, mbona unatafuna hewa?" Mama akaitia simu mfukoni mwa aproni akarudi kwenye sufuria. Haya sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mwenzake. Nilipomuuliza akanijibu, "Afadhali walivyofuta, mwanangu. Niliropoka. Harusi ya mdogo wako ataongea shangazi yenu." Mama yangu, aliyetulea kwa mikono yake miwili, leo anajitoa mwenyewe kwenye harusi ya mwanawe kwa sababu watu wa mume wangu wameona maneno ya mpishi yanawachafulia video.

Nikaenda ukweni, mshauri, nikayasema yote. Nilimwambia mama mkwe, ambaye ni mwalimu mstaafu, kwamba amefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika ila utu mwenyewe haujui hata a e i o u. Unajua alinijibu nini? "Karibu ukae, mama. Chai ipo." Basi. Hakukana, hakujitetea, hakuniuliza kisa ni nini, na mimi ninavyojua mtu asiye na hatia hujitetea, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tena jirani yao mmoja amenidokeza kwamba baada ya harusi alimsikia akisema, "Maneno ya yule mama si ya kutangaza." Nataka ushahidi gani mwingine?

Huyo shemeji naye ndiye alinimaliza kabisa. Alinijia na sauti laini, "Shemeji, sauti ya mama ipo, ila simu zenu haziwezi kuitoa. Hiyo nimeiweka ya mzunguko, kama ya sinema. Njoo nyumbani usikilize kwenye mtambo wangu." Simu zetu, umesikia? Nyumbani kwake ana spika kila kona ya sebule na sabufa inayotetemesha vikombe, sisi kwetu tuna simu zenye vioo vilivyopasuka, kwa hiyo kumsikia mama yangu ni mpaka niende nikapige hodi kwa wenye nacho. Nikamwambia simu hii hii inanisikilizisha nyimbo, inanisikilizisha taarifa ya habari, hata kicheko cha baba yako inakitoa vizuri sana, leo ndiyo imkatae mama yangu peke yake? Nikamwambia basi itengeneze ya simu. Akasema, "Nikiibana hivyo nitakuwa nimeiua kazi." Nikamfungia mlango.

Na mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja neno lake ni moja, "Tulia kwanza, ukipoa tutaongea." Mimi si uji. Juzi nimeunguza kola ya shati la mteja kwa mawazo haya haya. Nikamwambia achague, watu wake au mimi, akainama akaendelea kufungua mota ya friji kana kwamba sijasema kitu.

Nimekutumia na hiyo video ujionee mwenyewe usije ukasema nazua. Niambie, niondoke au nibaki? Na kama nabaki, watu hawa niwafanye nini?

Mimi mpiga pasi, niliyefutiwa mama.

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga pasi, fungua hilo begi. Toa nguo, zirudishe kabatini, kisha ukae chini, maana leo nitakusema na sitaki unisikilize umesimama mlangoni.

Kwanza pole. Nilipofika pale mama yako alipoitia simu mfukoni mwa aproni, niliweka barua yako pembeni kwanza. Kucheka mtu aliyewaita kwa furaha yake ni ushenzi, na hao wapishi wenzake wangekuwa mbele yangu ningewaambia hivyo hivyo. Hadi hapo hasira yako na yangu zilikuwa zinatembea pamoja.

Tena nikaifungua video yako kwenye simu yangu, na kweli, kiti kinasikika na mama hasikiki. Nikawaka. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia jibu ambalo wakwe zako wote wangelisoma wakatafuta pa kujificha. Bahati njema nina mazoea ya kuuliza kabla sijatukana. Jaribu siku moja, hayaumi.

Nikampelekea fundi wa sauti wa hapa kazini. Hakuuliza harusi ya nani. Akaitazama faili akasema, "Hii ni 5.1, ina njia sita. Apu yako inazisoma mbili." Nikamwambia aniambie kama anavyomwambia bibi yake. Akaniambia sauti ya kawaida ina njia mbili, kulia na kushoto. Sauti ya mzunguko imetengenezwa kwa chumba chenye spika pande zote, kwa hiyo ina njia mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya ule mtikisiko wa sabufa, na moja ya katikati, na hiyo ya katikati ndiyo huwekewa mtu anayeongea. Simu ina njia mbili tu za kutolea. Apu nzuri inazikusanya zote sita na kuzichanganya ziingie kwenye hizo mbili. Apu mbovu inachukua kulia na kushoto tu, zile njia nyingine inaziacha. Shemeji yako aliweka vigelegele, viti na vilio vya watoto kulia, kushoto na nyuma ili mtu ajione yuko ukumbini. Baba mkwe aliongea kwenye spika za ukumbi, sauti yake ikagonga kila ukuta na kuingia kila njia. Mama yako aliongea kwenye ile maiki ndogo ya kolani, peke yake, akawekwa katikati, peke yake.

Hakufutwa na mtu. Simu zenu zilichukua kelele zikamwacha msemaji. Fundi akaweka apu nyingine kwenye simu yangu ile ile, akaifungua faili ile ile, na mama yako akaongea.

Sasa wewe shemeji, najua utasoma hapa maana watakuonyesha. Ulisema kweli, na ulisema kipumbavu. Harusi si sinema. Grupu zima la familia lina simu, wewe ukatengeneza sauti ya sebule yako, kisha ukamwambia mtu mwenye uchungu kwamba simu yake ndiyo haifai. Eti ukiibana utakuwa umeiua kazi. Kazi yako iko nzima, ina afya tele, na mama wa watu amechekwa jikoni. Toa kopi ya pili yenye njia mbili, itume kwenye grupu leo, na uandike neno la kuomba radhi lisilo na hata chembe ya ufundi ndani yake.

Turudi kwako. Ningependa uyasikie maneno ya mama yako kutoka kinywani mwake, lakini kwa kuwa umefungasha, nitakupa kipande hapa hapa. Nimeyasikiliza mara kadhaa na kuyanakili jinsi yalivyo.

"Huyu ni kifungua mimba wangu. Ana mikono ya kazi na ana moyo, ila ana hasira. Hasira yake nimeilea mimi. Hakuwa na mtu wa kumtetea, nilikuwa kazini, akajifunza kujitetea hata kabla hajaguswa. Ndugu zangu, nawaomba. Akiwaka msimjibu. Mkaribisheni akae, mpeni chai, mwacheni apoe. Msimrudishie maneno yake, maana akishapoa huwa anayakumbuka yote na yanamla. Mama, niahidi."

Na pale pale, kwa kuwa maiki ilikuwa karibu, anasikika mwanamke mwingine akijibu kwa sauti ndogo, "Nimekuahidi."

Huyo ni mama mkwe wako, mpiga pasi. Ulipofika kwake ukamwambia utu haujui, alikuwa anatimiza ahadi aliyompa mama yako. Ulikiita kimya cha mwenye hatia. Alikunyamazia kwa sababu aliombwa na mwanamke unayempigania. Na yale maneno aliyosikiwa akisema, kwamba si ya kutangaza, yalikuwa ya kukusitiri wewe, mtaa usije ukajua mama yako alikuombea nini.

Mumeo naye, bila shaka alielezwa na mama yake, yumo kwenye ahadi hiyo, ndiyo maana anainamia mota. Ila huyo simwachii hivi hivi. Aliombwa asikujibu ukiwaka, hakuombwa akae bubu. Kati ya harusi na leo angetafuta saa moja umepoa akakushika mkono mkaenda kusikiliza. Au haikupatikana hata hiyo moja? Ulizaneni.

Na mama yako hakusema aliropoka kwa kuwaonea aibu wakwe. Alikuonea aibu wewe. Alidhani ukisikia utaona amekuanika, ndiyo akasema afadhali walivyofuta. Umegombana na mama mkwe, umegombana na shemeji, umegombana na mumeo, umeunguza hadi shati la mtu asiyehusika, na katika pita pita zote hizo hukuketi na mama yako ukamuuliza swali fupi kuliko yote, "Mama, kwani ulisema nini?"

Sasa sikiliza la kufanya. Weka kwenye simu yako apu inayochanganya njia zote, fundi yeyote wa simu wa mtaani atakusaidia, na usipoweza, subiri kopi ya shemeji. Usimtumie mama kwenye grupu. Mfuate akitoka zamu, mkae wawili, mpe simu mkononi asikie mwenyewe, na ikifika pale anapotaja hasira zako usikohoe wala usijitetee. Ikiisha mwambie hivi, kwamba umesikia, hakukuanika, na harusi ya mdogo wako anaongea yeye, shangazi atakaa na wageni wenzake. Wale wapishi wakasikilizishwe pia, mama akikubali. Asipotaka, waache na kicheko chao.

Kisha nenda ukweni peke yako. Usimbebe mumeo akawe wakili. Usianze kumweleza mama mkwe habari za njia sita na njia mbili, hilo ni la mafundi. Mwambie, "Mama, nimesikia ulichoahidi," na umwombe msamaha kwa lile neno la a e i o u, ulitaje kama ulivyolisema, usilipunguze makali. Akinyamaza tena, mwache anyamaze. Ana haki hiyo.

Swali lako lilikuwa uondoke au ubaki. Baki. Siku ile ukumbini mama yako aliwaomba watu wote wakuvumilie, na wewe hakukuomba ubadilike hata kidogo. Hilo nakuomba mimi.