Suruali za Shemeji Yako

Kwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Sisi huku wazima, tunavuta pumzi. Miguu tu ndiyo inanilalamikia, na sababu yake utaikuta mbele. Wewe je, unaendeleaje? Mashine ya kusafisha damu bado inakuacha hoi siku nzima, au mwili umeanza kuizoea? Na ule mkono wanaokuchoma, uvimbe umeshuka? Wifi ananiambia unakula vizuri, lakini wifi ni mtu wa kunituliza, kwa hiyo naomba uniambie wewe mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu nakupigia, lakini tangu daktari aikatae figo yangu kwa sababu ya presha, kila nikigusia habari hiyo unasema mtandao unasumbua, kisha kimya. Barua haikatiki. Isome yote hadi mwisho, hata pale utakapotamani kuikunja.

Nianze na shemeji yako, huyo unayemwita Pipa. Mara ya mwisho ulimwona siku ile ulipolazwa, ulipomtania kuhusu tumbo lake hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakashika mbavu. Wiki ile ile alirudi kutoka kiwanda cha mikate, nikamwekea chai na mkate wa siagi kama ilivyo kawaida yetu tangu tuoane. Akaisogeza sahani pembeni kwa kidole. Akasema hajisikii kula. Mtu anayeoka mikate tangu ujana wake, anayejua kwa harufu tu kama unga umeumuka, anasogeza mkate pembeni! Nilimgusa paji la uso. Hakuwa na homa.

Haukupita muda akanunua raba, nyeupe, zenye mistari ya kijani kama za vijana wa mpira. Akishaamka kutoka usingizi wa baada ya zamu, anakaa kwenye ngazi anafunga kamba huku akihema, halafu huyoo, anashika njia ya uwanja wa shule. Anarudi jasho linamchuruzika, anaingia kuoga, na huko bafuni anapiga mluzi. Huyu ndiye yule yule ambaye miaka yote tukipanda ngazi za nyumba yetu alikuwa anapumzika katikati, akisingizia kunisubiri mimi.

Nilimwuliza kulikoni. Akasema umri umekwenda, lazima mtu ajitunze. Nikamwuliza mbona mwaka jana umri haukuwa umekwenda. Akacheka, akanibusu shavuni, akatoka. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, kwa sababu mume wangu akinijibu kwa busu ujue kuna kitu anakificha.

Unamkumbuka yule mteja wangu, mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele ya shule? Alikuja kujaribu gauni, nami nikamweleza mambo hayo huku nimebana pini mdomoni. Akanitazama kupitia kioo, akaniambia kwamba mwanaume wa umri ule hapunguzi tumbo kwa ajili ya mke aliyekwisha kulizoea. Nilikaribia kumeza pini.

Tangu siku hiyo nikawa askari kanzu ndani ya nyumba yangu. Nilinusa mashati. Sikukuta marashi, ila harufu kali kama ya spiriti, nikajiambia huenda ndiyo mafuta wanayojipaka wasichana wa siku hizi. Nikamwona na kiplasta kidogo kwenye mkunjo wa mkono. Akasema ameungua na trei. Mdogo wangu, mimi ni mke wa mwoka mikate, alama za trei nazijua: zinakaa kwenye viganja na juu ya kifundo cha mkono, haziendi kujificha ndani ya kiwiko. Nikaamua moja kwa moja kwamba anadungwa zile sindano za kupunguza mwili zinazotangazwa kila mahali. Na simu yake ikilia, anatoka nayo hadi roshani na kufunga mlango nyuma yake, mtu ambaye zamani alikuwa anaongea na simu hadi mtaa mzima unajua bei ya unga.

Siku moja iliita akiwa anaoga. Nikaipokea, nikanyamaza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changa, ya upole. Bila hata kungoja kuitikiwa, ikamwambia kwamba Alhamisi aje asubuhi mapema, asile kitu chochote kabla ya kuja, naye atakuwa anamsubiri. Halafu ikakata. Nilikaa chini palepale kwenye kapu la nguo. Asile kitu! Kumbe mkate wangu unasogezwa kwa kidole ili tumbo libaki na nafasi ya mapishi ya mwingine. Niliona wivu, mdogo wangu, wivu wa kuniunguza kifua, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nichane barua mbili kabla ya hii. Unajua kwamba suruali zote za mume wangu nazishona mimi. Hajawahi kuvaa ya dukani tangu tuoane. Zilipoanza kumpwaya, alikuja na moja mkononi, uso umemng'aa kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri ya mtihani, akaniomba nimpunguzie kiuno. Nikampunguzia. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye cherehani, ile sauti ya simu ikanirudia, na mkono ukapitiliza kipimo. Nilipoiona nikataka kufumua, halafu sikufumua. Wazo lilikuwa limeshaniingia.

Basi kila alipokuwa kazini, nilichukua suruali moja baada ya nyingine, nikafumua mshono wa nyuma, nikabana kidogo tu, nikapiga pasi na kuirudisha kabatini kama vile haijaguswa. Baada ya siku kadhaa nabana tena. Nilitaka aone mazoezi hayamsaidii kitu. Nilitaka akate tamaa, avue zile raba, arudi kwenye mkate wangu, na huyo mwanamke abaki na sufuria zake.

Ilifanya kazi upande mmoja. Nilimwona amesimama mbele ya kioo, amevuta tumbo ndani, ameshika kifungo kwa vidole viwili, nacho hakifiki tunduni. Mimi nipo kitandani najitia nakunja shuka. Uso wake ulinyong'onyea, na mluzi wa bafuni ukakoma. Mungu anisamehe, nilifurahi. Lakini hakuacha mazoezi, aliyazidisha. Akaacha chakula cha jioni kabisa, akawa anakunywa maji na kulala. Kisha siku moja kizunguzungu kikamshika kazini, mbele ya tanuri, wenzake wakamdaka na kumleta nyumbani wamemshika huku na huku. Nilimpa supu, na alipopata nguvu nikamwuliza kwa ukali ni nani huyo anayemfanya ajiue kwa njaa. Akafumba macho, akaniomba nimwamini kidogo tu. Nilibeba bakuli nikatoka chumbani.

Alhamisi ile ya simu sikuthubutu kumfuata. Alhamisi moja baada ya kizunguzungu kile, akaondoka asubuhi bila kunywa hata chai. Nikajifunga mtandio hadi kwenye nyusi na kumfuata kwa mbali. Akaingia hospitali, akapita mapokezi, akapinda kwenye ujia wa nyuma. Nikajisemea kumbe ni nesi, na ndiyo maana ya ile spiriti. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya bwana mmoja mnene, nikakodoa macho mlangoni. Nesi akatoka, binti mzuri, nguo zake nyeupe zimemkaa sawasawa. Akampokea mume wangu kwa furaha, akamshika bega, akamwingiza ndani bila hata kufunga mlango. Nikamwona mzee wangu anavua raba, anavua mkanda, anatoa hadi funguo mfukoni, anapanda kwenye mzani. Yule binti akasoma, akapiga makofi.

Damu ilinichemka. Niliingia bila kubisha hodi na kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana barua hii huenda watoto wako wakaisoma. Nesi hakukasirika. Aliniuliza kama mimi ndiye mkewe. Niliposema ndimi, akanishika mikono yote miwili, akaniambia wamemwomba mume wangu kwa muda mrefu aje na mimi, kwa sababu daktari hawezi kupanga siku kabla mke hajakaa naye na kuelezwa kila kitu. Nikauliza siku ya nini. Akamgeukia mume wangu, na mume wangu akawa anatazama soksi zake.

Siku ya upasuaji, mdogo wangu. Anataka kukupa figo yake.

Mume wangu alinieleza pale kwenye benchi, kwa sauti ya chini. Unakumbuka mwenyewe ulichosema siku ile ulipolazwa. Mimi nilikuwa nalia kwa kukataliwa, nawe ili kunichekesha ukamwambia Pipa asijisumbue kujitolea, kwa sababu figo yake imezama kwenye siagi na daktari atahitaji kisu cha mkate kuifikia. Sote tukacheka, naye alicheka kuliko wote. Kisha ukaapa kwamba hutaki mtu wa familia akatwe kwa ajili yako. Tulipofika chini akasema amesahau kofia, akarudi juu. Kofia alikuwa nayo mfukoni. Alikwenda kumwuliza daktari. Vipimo vikaonyesha damu yenu inapatana, ila daktari akamwambia kwa mwili ule hakuna wa kuthubutu kumpasua, akapunguze kwanza ndipo warudi kuzungumza. Mimi hakuniambia kwa sababu hakutaka nipate tumaini halafu nilie mara ya pili. Akaongeza kwa upole kwamba mdomo wangu pia hauna breki, na wewe ungejua kabla ya jua kuzama.

Kiplasta kilikuwa cha kutolewa damu. Na kutokula kitu kulikuwa kwa ajili ya vipimo.

Nilimwuliza kwa nini basi alijinyima chakula hadi akaanguka, ilhali hapa mzani unapigiwa makofi. Akaniambia mzani ulisema anapungua, lakini suruali zilisema ananenepa, naye akaona heri aziamini suruali. Mzani ameutengeneza mtu asiyemjua, na suruali nimezishona mimi. Akasema mkono wangu haujawahi kumdanganya.

Ndipo nesi akaeleza kwamba siku ilikuwa karibu kupangwa, ila kile kizunguzungu kiliwatia hofu wakaisogeza mbele hadi arudi kula vizuri. Kwa hiyo sikia kutoka kwangu, usije ukasikia kwa mwingine: siku hizi unazoongezewa kwenye mashine, nimekuongezea mimi, kwa sindano yangu. Nisamehe. Nimelia hadi macho yamekuwa mazito, lakini kulia hakukupunguzii saa hata moja kwenye kile kiti.

Jioni ile nilitoa suruali zote kabatini, nikaziweka mezani na kuzifumua mbele yake moja moja. Sikujitetea. Akawa anashika ule ukingo wa kitambaa niliokuwa nimeuficha ndani ya mshono, anaupima kati ya vidole. Kisha akainuka na kuvaa mojawapo. Ikamshuka hadi magotini. Akaitazama pale chini, akasema, kama mtu anayejisemea peke yake, “Kumbe nimepungua kweli.” Akakaa kitini na suruali yake miguuni, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

Usidhani yaliishia hapo. Kesho yake hakunisemesha hadi alasiri, na alikuwa na haki. Alipoamka alinitupia viatu vyangu vya zamani vya kutembelea, akasema mwenye presha naye atoke. Tangu hapo tunatembea pamoja hadi uwanja wa shule na kurudi, na ndiyo maana miguu inanilalamikia. Siku za kwanza nilikuwa nashika kila nguzo ya umeme kama rafiki wa zamani. Daktari amesema akibaki na figo moja itabidi mwili uwe mwepesi maisha yake yote, kwa hiyo nami nimeingia kwenye safari hiyo bila kuulizwa. Anakula sasa, kwa kiasi, na mkate anaupata, kipande kimoja bila siagi. Anakitafuna taratibu kama mtu anayeaga.

Juzi tumeitwa tena. Uzito wake unafaa, presha yake iko sawa, na mimi nimekaa pale nikaelezwa hatari zote, nikakubali. Amebaki mtu mmoja wa kukubali, na ni wewe. Najua uliapa. Lakini uliapa mbele ya Pipa, na Pipa hayupo tena, umemmaliza mwenyewe kwa utani wako. Usimwache mwenzako na mwili alioutafuta kwa ajili yako halafu ukamwambia mtandao unasumbua.

Nimekata suruali mbili za kulalia za hospitali, za pamba laini. Hazina mpira kiunoni, zina kamba ya kufunga, kwa sababu nesi alinionyesha kwa kidole jeraha la kila mmoja litakapokuwa, lake ubavuni na lako chini ya tumbo. Ya kwake imekwisha, imekunjwa. Ya kwako nimeshona miguu tu. Kiuno nimekiacha wazi, sijui ugonjwa umekuachia kiuno gani. Mwambie wifi achukue futi ya kupimia, akupime juu ya ngozi na si juu ya shati, kisha unitumie hiyo namba peke yake. Nikiipata nitajua umekubali, na sitakuuliza neno lingine. Kipimo kiwe cha kweli tu. Katika nyumba yetu tumekoma kuchezea viuno.

Nisalimie wifi yangu mno kwa uvumilivu wake, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mimi nimeweka cherehani karibu na dirisha, uzi mweupe uko tayari ndani yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi

Shemeji yako ameninyang'anya kalamu, maandishi haya ya chini ni yake:

Shemeji, nimemwuliza daktari. Kisu cha mkate hakihitajiki tena.
Pipa