Picha ya Mwenyekiti

Dunda, Bagamoyo

Mpwa wangu Abdulwahab,

Marahaba, maana najua hata kabla ya kuifungua barua hii umeshaniamkia. Inatoka kwa mtu ambaye Bagamoyo nzima haigusi kompyuta kabla yeye hajakohoa. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako yupo barazani anasuka, anakuombea dua.

Sasa nikwambie, umenichosha. Tovuti ya kuuzia mikeka ya kikundi imekamilika, picha zinang'aa, nawe huko Dar umegoma kuifungua mpaka kila picha iandikiwe maneno ya kusomewa wasioona, eti ndio kanuni za tovuti duniani. Nilikwambia kwenye simu kwamba mnunuzi wa mkeka ana macho yake. Kwenye kikao nikarudia, na Mrisho, katibu wetu, akaniunga mkono, akasema asiyeona atamuuliza jirani.

Mama yako hakubishana. Alitoa simu yake, ile inayomsomea kwa sauti tangu macho yake yalipopofuka, akaifungua hiyo tovuti yako ya majaribio. Simu ikasema picha, picha, picha, kama kasuku wa neno moja. Akauliza, mikeka aliyoisuka kwa kupapasa imo au haimo? Mrisho akatazama dari.

Basi nikasema nitayaandika mwenyewe, mimi niliyewahi kumsahihishia balozi hotuba. Nikaziandikia picha zote. Jana akasikiliza. Alipofika kwenye mkeka wake mwekundu wa pindo la zambarau akatabasamu, akasema ndio huo. Ikaja picha yangu mimi mwenyekiti: mwanaume mrefu, nywele nyeusi tii, kifua cha baharia. Akacheka mpaka miyaa aliyokuwa akisuka ikamdondoka. Akasema, we Kombo, nimekubeba mgongoni mimi, urefu huo umeuokota wapi? Kisha akauliza kama na mkeka wake nimeuandika hivyo hivyo.

Wallahi ni mwekundu, na pindo ni la zambarau! Lakini haniamini tena. Anasema tovuti isifunguliwe mpaka Sabiha wa jirani aje azikague picha zote upya. Mimi, nikaguliwe!

Nisalimie mkeo na watoto. Na maneno ya ile picha yangu, yafute, andika hivi: mwanaume mfupi mwenye kipara, amevaa kanzu ndefu iliyofunika kinu alichopanda juu yake.

Mjomba wako,
Kombo Mwinyimvua
Mwenyekiti