Kopo la Kostiki

Kambi ya mkonge, Korogwe

Kwako Mama Editha,

Mwakeye? Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakusalimu kwa karatasi, nikiomba ikukute bado hapo Titye. Mdogo wangu Elias ameniambia umeshafunga mizigo urudi kwenu Rungwe Mpya. Mtoto anaendeleaje? Ulimi umepona? Uji anameza?

Mimi nipo, nakata mkonge. Leo Jumapili wenzangu wote wameenda kuangalia mpira, nimebaki peke yangu chumbani. Nimekonda, na wala si kwa kazi. Hapa hakuna hata mmoja wa kuongea naye Kiha, na angekuwepo, ningemwambia nini?

Elias kanieleza yote. Editha alilamba kostiki ya sabuni akidhani sukari, midomo ikababuka. Majirani wakaleta mawese wakisema, "Mnyweshe atapike!" Ukakataa. Ukamsukutua kwa maji tu, ukambeba mgongoni mpaka ukapata pikipiki ya kwenda hospitali Kasulu mjini. Daktari akasema angetapika, koo lingeungua mara ya pili. Umemwokoa mwanetu. Halafu mimi nikapiga simu kukufokea, "Ulikuwa wapi?" Na mama naye kashikilia kwamba ni uzembe wako.

Adelina, nisikilize. Wewe kostiki uliihifadhi juu darini, kwenye mfuko. Asubuhi ile ya safari nilipanda kuchukua begi langu, mfuko ukachanika. Nikaimimina kwenye kopo tupu la maziwa, nikaliweka chini karibu na sukari, nikisema nitakwambia. Gari likapiga honi, nikakimbia. Nilikumbuka njiani, nikajipa moyo kwamba utaliona tu.

Kwa hiyo siku ile nakufokea, nilikuwa najua. Niliogopa, ndiyo maana nikapaza sauti. Naona aibu mpaka chakula hakishuki.

Nisalimie shangazi yako wa Kibondo, aliyekuja kukusaidia kuuguza. Mpakate Editha kwa niaba yangu.

Ukiamua kwenda kwenu sitakuzuia, ila usiondoke umebeba kosa langu. Mama usimpe salamu tupu. Mkalishe, uwaite na majirani wale wale, Elias awasomee barua hii kwa Kiha, yote, asiruke mahali. Nawe ukae hapo hapo usikie.

Mumeo, kama bado waniita hivyo,
Gervas