Bomba Usilipokee Mlangoni

Kijiji cha Kibamba,
kwa kupitia Duka la Ushirika,
Barabara ya Morogoro,
Dar es Salaam.
Jumapili, 29 Mei 1977

Mpendwa dada yangu Rosalia,

Shikamoo dada. Barua yako ilinifikia Alhamisi, imelowa pembeni kwa mvua za njiani, lakini kila neno lilisomeka. Nimeisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu nikamsomea Polikarpo. Mnaendeleaje huko Lukuledi? Kifua cha Mama kimepoa? Na Sesilia wako, ameshaanza kukaa bila kuegemezwa? Namwona kwa macho ya moyo, na yale mashavu yake.

Sisi ni wazima. Masika imechoka sasa, inanyesha asubuhi kidogo halafu inaacha jua liwake. Nyumba yetu haivuji ila kwenye pembe moja, na hapo tumeweka beseni.

Dada, leo ni juma la kumi na sita tangu tuoane. Tulioana siku ile ile chama kipya kilipozaliwa, kwa hiyo Polikarpo husema nchi nzima itamkumbusha tarehe mpaka azeeke. Sijui nikueleze vipi. Asubuhi akiondoka hugeuka mara mbili: ya kwanza kwenye mgomba, ya pili kwenye kona ya ofisi ya kijiji. Jana alisahau kugeuka mara ya pili, akarudi mbio kutoka ofisini kuja kugeuka. Majirani wanatucheka, nasi tunawaacha wacheke.

Lakini leo sikuandikii hayo tu. Umesema kijiji chenu kimepewa bomba la kupulizia dawa ya magugu na shemeji Albano amechaguliwa kulitunza. Hongera zake. Umesema pia kwamba utamsaidia kama mke mwema anavyopaswa. Niliposoma hapo niliiweka barua chini. Nina jambo la kukusimulia, na nakuomba ulisome mpaka mwisho.

Polikarpo naye ni mtunza bomba wa hapa, tangu mwezi wa tatu. Ni bomba la shaba la kubeba mgongoni. Lina mkono wa kupampu, mpira mrefu, na mdomo mdogo unaotoa dawa kama ukungu. Tunalo moja tu. Mahindi ya kijiji hupuliziwa dawa ya magugu, na bustani ya nyanya ya akina mama hupuliziwa dawa ya wadudu, kwa bomba hilo hilo.

Bwana shamba wetu, Bwana Jabiri, aliwafundisha akina Polikarpo kazi kwa siku mbili. Karatasi ya kwenye kopo la dawa imeandikwa Kiingereza kitupu, basi Polikarpo akaniletea nimtafsirie. Nilijiona mtu siku hiyo! Kidato cha nne changu kimefaa. Niliandika kila mstari kwa wino, kwenye daftari, naye ameketi karibu anaangalia kalamu inavyokwenda.

Namna wanavyofanya ni hii. Wanapulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia, na mpuliziaji hutembea upepo ukiwa mgongoni kwake, asije akatembea ndani ya dawa yake mwenyewe. Anavaa mikono mirefu, glavu za mpira na buti, na suruali inakaa nje ya buti ili dawa isichuruzike miguuni. Maji hutangulia bombani hadi nusu, ndipo dawa hutiwa kwa kipimo chake, halafu maji mengine. Hukorogwa kwa kijiti ambacho hakifanyi kazi nyingine duniani. Hakuna kula, hakuna kuvuta sigara. Mdomo wa bomba ukiziba, hauzibuliwi kwa kupuliza kwa kinywa. Bwana Jabiri alimkuta mzee mmoja anapuliza, akamwambia, "Mzee, hiyo si filimbi."

Hayo yote Polikarpo aliyafuata. Aliyekosea ni mimi.

Unakumbuka siku uliyonisuka kabla ya harusi, ukaniambia kwamba mume akirudi kazini asivuke kizingiti na mzigo wake? Ulisema, mpokee mlangoni, chochote alichobeba, hata kama ni jembe lenye matope, maana hapo ndipo anapojua amefika kwake. Nimelishika neno hilo kama sala. Siku ya kwanza alipotoka kupulizia mahindi, alikuja na bomba mgongoni, amechoka, shati limeganda. Alikuwa anakwenda kuliosha. Nilimpokea mlangoni. Alikataa, nikang'ang'ania, akacheka, akaachia.

Maji huku ni taabu, dada. Kisima kiko mwendo wa nusu saa na foleni yake. Nilikuwa na ndoo moja. Nilikaa nyuma ya jiko nikalisugua lile bomba kwa majivu na mchanga mpaka ile shaba ikawaka kama kengele ya kanisa. Ndani nilitia maji kidogo, nikatikisa, nikamwaga pale pale kwenye mpapai. Mara moja tu. Mpira na mdomo wake sikuigusa. Maji yaliyobaki nilimchemshia mume wangu aoge.

Nilijua imeandikwa lisuuzwe mara tatu. Mstari huo niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema moyoni, hayo ni maagizo ya watu wenye mfereji nyumbani.

Polikarpo alipotoka kuoga akauliza, "Umelisuuza vizuri?"

Nikamjibu, "Hujaliona linavyong'aa?"

Akaamini. Kesho yake bomba likaenda bustanini kwa dawa ya wadudu. Mikono yangu iliwasha siku mbili, nami nikadhani ni majivu.

Siku ya tatu majani ya mpapai yalianza kujikunja, na mabua yake yakapinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Jioni hiyo nikasikia kwamba nyanya za akina mama zimejikunja vivyo hivyo, miche mia mbili yote. Nilisimama mbele ya mpapai nikaelewa. Dawa ya magugu haijui nyanya ni chakula. Kwake, jani pana ni gugu.

Sikusema. Nilikaa na siri hiyo siku mbili, nikimpikia, nikimpokea, nikitabasamu. Nisingependa kukuficha hilo. Niliogopa jambo moja: kwamba atanitazama kwa macho mengine.

Baada ya siku hizo mbili tukaitwa mkutanoni kwenye ofisi ya kijiji. Bibi Hija, kiongozi wa bustani, ni Mzaramo mwenye sauti inayofika kijiji cha pili, Kiluvya, bila kupumzika njiani. Aliingia na mche mmoja ameung'oa na mizizi yake, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya makaratasi.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Nyanya ina masikio ya mbuzi aliyenyeshewa! Tumerogwa, au tumefanywaje?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Kurogwa wapi, mama. Hiyo ni hujuma."

Neno hilo unalijua uzito wake siku hizi. Sisi ni wageni hapa, watu wa kusini tuliokuja juzi, na bomba lilikuwa mikononi mwetu. Mwenyekiti akasema kama ni hivyo, bomba litachukuliwa, na jina la mtunzaji litaandikwa kwenda wilayani.

Polikarpo akasimama. "Mtunza bomba ni mie," akasema. "Likitoka kwangu chafu, mchafu ni mie."

Bwana Jabiri akamwuliza, "Ulilisuuza mara ngapi?"

Hakujibu. Dada, angeweza kusema. Yalikuwa maneno matatu tu: alisuuza mke wangu. Aliangalia ukutani, na mwenyekiti akaanza kutafuta kalamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameuona mpapai.

Nikasimama. Nikasema, "Nilisuuza mimi. Mara moja. Maji mengine nilimwekea mume wangu aoge."

Bibi Hija akapiga makofi, siyo ya furaha.

"Eti aoge! Mwanangu, umemwogesha mume mmoja, ukaziua nyanya mia mbili!"

Mwingine akadakia, "Na alivyoling'arisha nje! Mie nilidhani ni sufuria ya kungojea wakwe."

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Kilipopoa, Bibi Hija akamgeukia mwenyekiti. "Weka kalamu, baba. Mhujumu hajitaji mwenyewe. Huyu ana ugonjwa wa kupenda tu. Mwandike kwenye zamu ya maji."

Basi nimeandikwa huko. Ndoo nne kila asubuhi kwa miche mipya, mwezi mzima. Leo zimebaki siku sita. Shingo imekomaa, na nyanya zimesimama, majani yake yamenyooka. Bibi Hija hunipima kwa macho kila ninapomimina, na juzi alinipa kitita cha mchicha.

Bomba limebaki kwa Polikarpo, ila kwa masharti. Limechorwa pete nyekundu, na tangu hapo ni la magugu tu. Mpaka litakapokuja la pili, wadudu wa nyanya tunawaokota kwa mkono. Halifiki tena nyumbani. Linaoshwa pembeni mwa shamba lililopuliziwa, mbali na kisima. Pipa la maji hujazwa huko kabla ya kuanza kazi, siyo baada. Husuuzwa mara tatu, na kila mara maji yanapampiwa mpaka yatoke mdomoni, maana dawa hujificha kwenye mpira. Maji hayo hupuliziwa palepale shambani. Halafu hutiwa maji na sabuni ya unga mpaka juu na kuachwa hadi kesho, ndipo husuuzwa tena. Makopo matupu yanasuuzwa, yanatobolewa na kufukiwa. Najua huko kwenu kopo zuri halikai njiani bila kuwa la maji. Hilo msiliokote, hata likivutia namna gani.

Bwana Jabiri ametufundisha pia kupanda miche miwili ya nyanya pembeni ya pipa. Bomba likishaoshwa, hutiwa maji matupu na kupuliziwa miche hiyo. Jani likijikunja baada ya siku chache, bomba bado chafu. Miche hiyo hailiwi. Polikarpo ameipa majina, wa kwanza Shahidi na wa pili Benedicta kama mimi, kwa sababu eti huyo wa pili ndiye anayesema ukweli kwa kuchelewa. Nilimpiga na kanga.

Nguo zake za kazi nazifua mbali na nyingine, kwenye beseni lenye alama, nikiwa na glavu. Zamani nilikuwa nazitia pamoja na kanga zangu, kwa sababu nilipenda zilale pamoja majini. Sasa zinalala mbalimbali, na hakuna aliyepungukiwa na mapenzi.

Ndiyo maana nimekuandikia kabla ya shemeji Albano kushika kazi. Dada, wewe unanyonyesha. Utampokea bomba, halafu utampokea Sesilia, kwa mikono ile ile. Nimelifikiria hilo tangu Alhamisi na sijalala vizuri. Neno ulilonipa uliponisuka ni neno jema, na bado nalishika kwa jembe na kwa kikapu. Kwa bomba, naomba ulifute. Atakapokuja nalo mgongoni mfungie mlango na umwambie arudi shambani akaoshe, hata akinuna. Nimenakili maelezo yote ya daftari na kuyatia ndani ya bahasha hii. Ila lisomeni kopo lenu wenyewe, maana dawa haziko sawa. Kama ni Kiingereza, nakilini maneno mnitumie, nitayatafsiri siku hiyo hiyo.

Baada ya mkutano tulirudi nyumbani. Nilipofika mlangoni nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ningekutaja, jioni ungempokea nani?" Hayo tu. Tangu siku hiyo haudhiki nikimwuliza, "Mara ngapi?" kabla hajavua viatu, na hujibu, "Tatu, mwalimu."

Siku za kupulizia huoga huko huko shambani, nyuma ya kiambaza cha makuti alichojijengea, na nguo safi nimemfungia asubuhi. Kisha huja kwa njia ya mgomba, nywele zimelowa, mikono mitupu. Naenda mlangoni vile vile kama ulivyonifundisha. Hakuna mzigo, kwa hiyo napokea mikono. Dada, ni mizito kuliko bomba.

Msalimie sana Mama, na umwambie chai ya mchaichai aendelee nayo. Msalimie shemeji Albano, naye asinikasirikie kwa kukufundisha ukaidi. Mkumbatie Sesilia mara tatu, siyo mara moja. Polikarpo anakupa shikamoo, amesimama hapa anasoma juu ya bega langu na kukataa kwamba alirudi mbio kuja kugeuka.

Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi na mikono iliyo salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kuliko inavyoandikika,

Benedicta
(sasa Mama Polikarpo, kama wanavyoniita hapa kisimani kwa utani)